Birika la Maji ya Pili

Mwezi uliopita niliwakabidhi ufito, ndoo mbili, sepetu na ufunguo wa mlango wa nyuma wa msikiti, na nyinyi wawili mkaniuliza kama kuna la ziada. Nilisema hakuna, kwa sababu mgongo uliniuma na nilitaka kwenda kulala. Lipo. Nimeazima wino kwa Maalim nikaanza kuandika, na mtanisamehe mwandiko wangu, maana mkono huu umeshika sepetu kuliko kalamu.

Msitafute humu habari za cheo. Mtu wa maji yaliyokwisha tumika hana cheo, na jina lake hutajwa siku harufu inapowafikia watu barazani. Nitawaeleza kazi jinsi nilivyofundishwa, na jinsi nilivyoiharibu. Katika kuiharibu kwangu yumo mwanangu Mize, ambaye nyinyi hamkumwona.

Mimi ni mzaliwa wa Baleni, katika kisiwa kikubwa. Kisima cha baba kilikuwa nyuma ya jiko, na sikuwahi kusikia mtu akiulizwa ametumia kata ngapi. Nilimwoa Zaina wa Jibondo siku zile bendera ya Wadachi kule Chole ilipokuwa bado ngeni, watu wakienda kuitazama na kurudi. Jibondo nilikuta mwamba, vyombo vya bahari vinaundwa ufukweni, na maji hakuna. Maji yalikuja na mashua kutoka kisiwa kikubwa, ndani ya mapipa. Asubuhi ya kwanza ukweni nilinawa uso, yaliyobaki kwenye kata nikayamwaga mlangoni. Mama mkwe akatoka. Alisimama akilitazama lile doa mpaka likakauka lote, kisha akarudi ndani. Kesho yake nikapelekwa kwa Bi Mwanahawa nikafundishwe adabu.

Bi Mwanahawa alikuwa mjane, mrefu, mkavu, na kazi zake zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kuosha maiti za wanawake. Ya pili ni kutunza maji ya pili, ndivyo tulivyoyaita yale yaliyotoka msikitini baada ya watu kutawadha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemwaga maji mlangoni?"

"Ndiye mimi."

"Haya, njoo uone wenzio wanavyoyaokota."

Mpango wake mnaujua, ila nauandika kwa atakayekuja baada yenu. Mfereji unapita chini ya ukuta wa msikiti na kumwaga katika shimo la kwanza, ambapo maji yanatulia na taka zinazama. Shimo la pili lina makumbi ya nazi na matumbawe yaliyopondwa. La tatu lina mchanga na makaa ya vifuu. Baada ya hapo maji yanaingia katika birika lililochongwa mwambani na kufunikwa kwa mawe, kubwa kiasi cha kutosha watu watatu kusimama. Katika madhehebu yetu maji yaliyokwisha tawadhiwa ni safi, lakini hayatwaharishi tena. Yakikusanyika yakatimia kulateni, kipimo cha vitabuni, hurudi kuwa ya kutawadhia. Waliojenga birika walichonga mstari ukutani kuonyesha kipimo hicho, na siku za kawaida hakuna aliyeujali, maana wanawake waliyachota kwa kuoshea vyungu, mbuzi waliyanywa, na mafundi waliyamwagia mbao zao ili zikubali kupinda.

Siku hiyo ya kwanza aliniinamisha juu ya shimo la kwanza, mkono wake kisogoni mwangu.

"Unaona nini?"

"Maji machafu, bibi."

"Tazama tena. Mafuta yale ya nazi yana mdalasini, ni ya fundi Kombo, mgongo wake umeanza tena. Nywele zile nyeupe ni za ndevu, Maalim kazipunguza. Na huyu hapa," akaonyesha utando mwembamba wa rangi ya kutu, "huyu ana kidonda na hajamwambia mkewe."

Nilidhani ananitania. Baada ya miezi mitatu nilikuwa nikiyasoma mwenyewe, na nawaambia kweli, si elimu ya kupendeza. Nikikutana na mtu njiani nilikuwa nimekwisha kumwona asubuhi shimoni. Alinisalimia, nami namjibu huku najua kilichomtoka.

Kazi yenyewe ni ya subira. Makumbi yabadilishwe kila mwezi mwandamo, bila kungoja yaote utelezi. Makaa yapondwe yawe kama choroko. Yakiwa unga yanaziba, yakiwa makubwa hayafanyi kitu. Mchanga uoshwe kwa maji ya bahari mara saba, na ukichoka mara ya tano jipumzishe kisha umalizie mbili. Kizibo cha chini ya birika ni cha mti wa mkoko, kinazungushiwa kitambaa kilichopakwa sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka vyombo. Kinanuka, lakini hakivuji. Na kila siku baada ya alasiri unatia ufito, unahesabu vidole, unakumbuka. Bi Mwanahawa alisema mtu wa maji asiyekumbuka jana ilikuwa vidole vingapi akauze samaki.

Jambo moja hakunieleza sababu yake. Matone yakiingia birikani, chini ya yale mawe, yanatoa sauti ya watu wanaonong'ona kabla sala haijakimiwa. Nilipomwuliza alisema, "Usisikilize." Nami sikusikiliza, ila Mize alipozaliwa na kufika miaka mitano, alikuwa na mtindo wa kuja kuweka sikio lake ukutani mwa birika.

"Baba, wanasema nini?"

"Maji hayasemi, mama."

"Wanasema. Ila wanasema wote pamoja, ndiyo maana sisikii."

Nilicheka. Leo siwezi kuliandika neno hilo bila kuweka kalamu chini.

Mwaka huo mvua ya vuli haikunyesha, na ya masika ilinyesha siku mbili ikajuta. Kisha mashua moja ya maji ilipasuka juu ya mwamba, ikabaki nyingine, kongwe, inayobeba mapipa manane tu. Birika la kwanza, la ndani ya msikiti, likashuka hadi likaonyesha sakafu. Maalim akawaruhusu watu kutayamamu kwa udongo, na wengi wakafanya hivyo. Maji yasipotawadhiwa hayaji kwetu. Birika langu likawa linapoteza kidole kizima kwa siku.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Shimo la tatu, lile la mchanga, hunywa maji; kila siku linabaki na karibu ndoo nzima. Mimi kwa akili zangu za Baleni nikachukua mwanzi, nikautoboa vifundo, nikaulaza kutoka shimo la pili moja kwa moja mpaka birikani. Nikajipongeza. Bi Mwanahawa sikumwambia, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameanza ukungu na nilijua hatauona.

Wiki ya pili birika likapanda.

Nilidhani nimekosea kuhesabu. Nikatia ufito tena: vidole viwili juu ya jana. Siku hiyo waliotawadha hawakuzidi watano, na mfereji ulikuwa mkavu kiasi kwamba mchwa walipita. Kesho yake likashuka kidole kama kawaida, kisha likapanda tena viwili. Jambo lenyewe lilinitia ubaridi, lakini nani anataka kugombana na maji wakati wa ukame? Nikasema labda mwamba unatoa jasho.

Wakati huo huo watu wakaanza kufa. Kwanza bibi mmoja mzee, na hakuna aliyeshangaa. Kisha mke wa seremala, kwa tumbo la kuendesha siku mbili. Kisha seremala mwenyewe, na wengine nyuma yake. Maji yalikuwa yamefika mstari wa kulateni, nami ndiye niliyekwenda kumwambia Maalim kwa furaha. Alikuja, akainama, akaona kwa macho yake, akatangaza kwamba watu wanaweza kutawadha kwa maji ya pili. Na mtu akiruhusiwa kusukutua hachelewi kumeza. Haukupita muda wanawake wakawa wanapikia, na mimi mwenyewe nikawa nachukua nyumbani mtungi mmoja kila siku, haki ya mlinzi.

Siku moja saa ya adhuhuri, jua kali, niliona nipime mapema. Ufito ukatoka umelowa vidole viwili zaidi ya jana. Nikajikuta nimesema kwa sauti, peke yangu: "Kafa mtu." Sijui nilikuwa nimejua tangu lini. Nilikuwa bado nimeushika ule ufito ukidondosha, ndipo kilio cha kuaga maiti kilipoanza nyumba za upande wa magharibi, cha mwanamke mmoja kwanza, kisha wengi. Nikaunusa ufito. Ulinuka karafuu maiti.

Wote mnajua kwetu huwezi kuchimba ufuo katika kila nyumba. Mahali pengine mtu akifa wanachimba handaki dogo chini ya kitanda, maji ya kuoshea yanaingia humo na kufukiwa. Jibondo ni jiwe. Tuna kibanda kimoja nyuma ya msikiti chenye ufuo uliochongwa zamani, na maji yake yalikuwa yakipotelea katika ufa wa mwamba. Nilikwenda pale Jumatatu, siku ya pili yake, hakuna mtu. Ufa ulikuwa umezibwa kwa udongo wa mfinyanzi, kwa ustadi, umelainishwa kwa kidole. Kutoka kwenye ufuo kulikuwa na mfereji mpya, upana wa kiganja, umefunikwa kwa vigae. Niliufuata nimeinama kama anayetafuta pete. Ukaingia katika shimo langu la kwanza.

Nilimkuta Bi Mwanahawa kwake, anakata sanda.

"Bibi, ule mfereji."

Hakujifanya hajui. "Umeuona. Nilidhani utauona mapema zaidi."

"Watu wanakunywa yale maji!"

"Maiti ya Mwislamu si najisi, Shomari. Uchafu nausafisha kwanza, na maji ya kwanza nayamwaga mbali, baharini. Yanayokwenda kwako ni ya kuoshea tu. Maji yaliyotumika, kama yale ya udhu. Yakitimia kulateni yametwaharika, mwulize Maalim." Akanyoosha kile kitambaa juu ya goti lake. "Maiti mmoja anakunywa ndoo tatu. Ndoo tatu, mwanangu, na watoto wanalamba mapipa. Wale niliowaosha nawajua. Hakuna hata mmoja ambaye angekataa."

"Bibi, mimi naona kinyaa."

"Ona kinyaa, lakini funga mdomo. Ukisema, hakuna atakayeyagusa maji ya pili mpaka kiama, na ya kwanza hayatoshi. Utawaua kwa kiu."

Na mimi nikafunga mdomo. Nilimheshimu yule mama kuliko mtu yeyote kisiwani, alinifundisha kila kitu, na maneno yake yalikuwa na sheria ndani yake. Mbele yangu niliona kinyaa tu, sikuona ugonjwa. Mambo yote mawili nilikuwa nayo mkononi: kwamba mtu akifa birika linapanda, na kwamba birika likipanda, baada ya siku chache mtu anakufa. Sikuyaweka pamoja. Au niliyaweka pamoja nikayatenganisha haraka, kwa kuwa katikati yao kulikuwa na mwanzi wangu. Mchanga na makaa vingeweza kufanya kazi yao, mimi ndiye niliyevipitisha kando.

Nilichofanya ni kuacha kupeleka mtungi nyumbani. Zaina akauliza kwa nini, nikasema nimechoka kubeba. Akanitazama kwa namna ya mama yake.

Jumatano sikuwapo mchana, nilikwenda ufukweni kusaidia kushusha mapipa. Zaina aliona mtungi mtupu, akasema moyoni kwamba mume wake amekuwa mvivu, akamtuma Mize na kibuyu birikani. Mtoto alikijaza. Walisema baadaye kwamba alikaa pale muda mrefu, ameweka sikio ukutani, anakunywa kidogo kidogo.

Mize alifariki Jumamosi kabla ya adhuhuri. Sitaeleza siku mbili zile. Aliyemwosha ni Bi Mwanahawa, na waliokuwa naye walisema alitumia maji ya mtungi wake mwenyewe, ya kunywa, na alilia hata wakamshika. Kuhusu ule mfereji, sijui kama alisahau kuuziba au macho hayakumwonyesha. Sikumwuliza hata siku moja.

Tulizika alasiri. Niliporudi, miguu ilinipeleka kazini. Msinione wa ajabu, mtu aliyefanya jambo moja kila siku kwa miaka hulifanya hata akiwa hana akili. Nilitia ufito, nikautoa, nikahesabu. Limepanda nusu kidole.

Nusu kidole tu. Nikakaa chini pale pale, mgongo ukutani, na ndani yale maji yakawa yananong'ona, na safari hii nilisikiliza. Nilisikiliza kama yeye alivyokuwa akisikiliza, sikio limebanwa kwenye jiwe mpaka likauma. Nilikuwa natafuta sauti moja. Jua liliendelea kuwaka, kuku walipita, na mimi nikawa naomba nisiisikie, tena naomba niisikie.

Jumapili asubuhi niling'oa kizibo.

Maji yote yakatoka, yakashuka mwambani, yakaingia mchangani. Watu walikuja mbio na vyungu, wengine wakanitukana, fundi Kombo akanishika kooni. Nikapaza sauti nikawaambia mfereji unatoka wapi na mwanzi nimeuweka mimi. Mwanamke mmoja akakiweka chungu chake chini polepole, akajifuta midomo kwa kanga, akaendelea kujifuta. Maalim alisema, taratibu sana, "Sheria ilisema yanatwaharisha. Haikusema yanywewe. Kosa ni langu pia." Bi Mwanahawa alitoka kibandani na bonge la udongo, akauziba mfereji wake kwa mikono yake, akauzibua ule ufa wa zamani. Tangu siku ile hakukanyaga birikani, na aliishi miaka mitatu zaidi.

Ile mashua kongwe ilitulisha maji kwa shida mpaka mvua ilipokuja. Hakuna aliyekufa kwa kiu. Baada ya Mize walikufa wawili waliokuwa wamekwisha ugua, kisha ikakoma. Niliuchoma mwanzi, nikajenga upya shimo la tatu kina mara mbili, nikachonga pembeni shimo la nne, lile mnalonung'unikia kulisafisha. Mstari wa kulateni niliupaka chokaa juu yake, msiukwangue. Maji ya pili ni ya vyungu vya nje, mbao na migomba ya nyuma, na atakayetia kata mdomoni mnyang'anyeni, hata akiwa mgeni wa boma. Vidole vya kila siku andikeni. Mkiona vimepanda bila sababu, msitafute jasho la mwamba.

Miaka mingi nimefanya kazi hiyo baada ya siku ile, na watu walinisamehe, kwa maneno yao. Kuna jambo moja nimeliruka hapo juu, nalo nataka nyinyi mlijue kwa sababu mtakuwa na siri zenu za kazi, kila kazi inazo.

Siku ile ya kizibo, watu walipotawanyika, Zaina alibaki. Alikuwa amefika mwisho, na kibuyu kile kile. Hakuyasikia yote niliyosema, akataka nianze tena. Nikamweleza tangu mwanzi hadi sanda. Alisikiliza amesimama, akiyatazama maji yanavyokauka mchangani. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu.

"Uliuona lini huo mfereji?"

"Jumatatu," nikasema.

Zaina akahesabu kwa vidole vyake, taratibu, Jumatatu, Jumanne, akafika Jumatano, akakiacha kile kidole kimesimama hivyo hivyo.